Mbegu Themanini Hadi Jineri

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, nilikabidhiwa baiskeli, kitambaa chekundu na mbegu mia moja za pamba. Nazitaja dakika kwa sababu aliyenikabidhi alizitaja. Mkuu wa Uchukuzi wa ofisi yetu ya ununuzi wa pamba, pale Bariadi, alitazama saa yake, akaandika kwenye daftari, kisha akaniuliza kama najua kuhesabu.

"Najua, mzee."

"Mpaka ngapi?"

"Mpaka utakapochoka kunisikiliza."

Hakucheka. "Mimi sichoki," akasema. "Funga hicho kitambaa kwenye spoku ya gurudumu la mbele."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na elimu ya darasa la saba. Kazi yangu iliitwa upimaji wa njia. Vijana mnaonijia siku hizi na baiskeli zenye gia na matairi mapana, mkiniuliza wapi mnaweza kuendesha kwenye changarawe bila kukutana na malori, mnadhani njia hizo zimejitokeza zenyewe. Hazikujitokeza. Zilipitwa na watu wenye mizigo, na baadhi yake nilizipima mimi, mzunguko kwa mzunguko.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Gurudumu la baiskeli zetu likizunguka mara moja, lilikwenda mita mbili na robo kasoro kidogo. Sisi tulihesabu mita mbili na sentimita ishirini. Kila kitambaa kilipopita mbele ya uma wa baiskeli nilihesabu moja. Nikifika mia, nilihamisha mbegu moja ya pamba kutoka mfuko wa kulia wa suruali kwenda wa kushoto. Kwa hiyo mbegu moja ilikuwa mita mia mbili na ishirini. Jioni nilihesabu mfuko wa kushoto, nikazidisha, nikaandika. Mtu akinisalimu njiani nilimwinulia mkono tu. Wengi walisema yule wa ofisi ana majivuno. Sikuwa na majivuno, nilikuwa kwenye sitini na nne.

Mwinuko niliupima kwa chupa nyeupe yenye maji nusu, niliyoifunga kwa ulalo kwenye bomba la juu la fremu. Maji yakiegemea alama ya kwanza, mtu mmoja aliweza kupanda akiendesha huku gunia moja la pamba liko kwenye keria. Alama ya pili, alishuka na kusukuma. Alama ya tatu ilihitaji watu wawili kwa gunia moja. Hayo ndiyo yalikuwa madaraja yetu matatu ya njia, na kila gulio, yaani kituo cha kununulia pamba, lilikuwa na karatasi yake ofisini inayoonyesha njia zake na madaraja yake.

Mkuu wa Uchukuzi alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka nikaiota. "Andika ulichopita. Usiandike ulichoambiwa. Na njia usiyoipita na mzigo, hujaipita."

Baada ya mwaka mmoja nilipelekwa Maswa. Huko nilikaa karibu na jineri, kinu cha kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu zake, nikaona mwisho wa safari ambazo nilikuwa nimezoea kuona mwanzo wake. Meneja wa jineri alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alinifundisha kufunga mzigo. Gunia la pamba ni jepesi kuliko linavyoonekana, ila ni kubwa, na upepo wa mlimani hulisukuma kama tanga. Alitaka liwekwe kwa kimo, si kwa upana, na kamba ipite chini ya kiti mara mbili. "Ukianguka nalo," aliniambia, "liangukie wewe, lisiangukie tope. Wewe utafuliwa. Daraja la pamba halifuliwi."

Kutoka Maswa nikahamishiwa Lingeka, kule Meatu, na hapo ndipo nilipojifunza udongo. Wazee wetu wana jina kwa kila udongo, na mpima njia asiyeyajua majina hayo anapima hewa. Kuna luseni, mchanga mwepesi, ambao gurudumu huzama na mguu huchoka. Kuna itogolo, udongo mweupe mgumu wenye mchanga kidogo juu, mzuri sana kiangazi. Kuna kikungu, udongo mwekundu wa kwenye miteremko, wenye changarawe ndani yake, ambao kwangu ni mfalme wa njia zote. Na kuna mbuga, ule mweusi wa bondeni. Mbuga ikilowa hushika tairi mpaka gurudumu haligeuki. Ikikauka hupasuka nyufa zinazomeza gurudumu zima.

Siku moja mvua ya dakika kumi ilinikuta katikati ya mbuga ya Lingeka. Nilirudi na baiskeli begani, matope mpaka kiunoni. Karani Mkuu alikuwa barazani na wakulima wanaosubiri mizani.

"Masunga!" akapiga kelele. "Leo nani kampanda mwenzake?"

Wakulima wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilicheka, lakini usiku ule sikuandika mita. Niliandika udongo. Tangu siku hiyo kila karatasi yangu ya njia ilikuwa na safu ya nne, aina ya udongo, na hakuna mkuu aliyeniagiza kuiweka.

Nilirudishwa Bariadi miaka michache kabla ya soko la pamba kufunguliwa. Mkuu wa Uchukuzi alikuwa amestaafu. Soko lilipofunguliwa, mambo yaligeuka kwa msimu mmoja. Jana ofisi yetu ilikuwa mnunuzi peke yake. Leo kila mwenye mizani na mfuko wa fedha alikuwa mnunuzi. Malori yetu yalisimama kwa kukosa vipuri. Ikaletwa orodha ya kupunguza wafanyakazi, na akaletwa Meneja mpya, kijana kuliko mimi, mwenye stashahada na tai. Sina chuki naye. Alikuta nyumba inayovuja akaambiwa aikaushe.

Gulio la Mwabulugu liko juu ya vilima, kaskazini ya mji. Kwa barabara ya gari, inayozunguka chini, ni kilomita arobaini na moja hadi jineri ya Bariadi, na sehemu kubwa ni luseni. Trekta letu lililokuwa likishusha pamba ya huko lilikufa. Akajitokeza mfanyabiashara mmoja mwenye trekta zima, akasema yeye atanunua pamba yote ya Mwabulugu, lakini kwa sharti kwamba apewe kibali cha kununua peke yake msimu mzima. Bei yake ilikuwa shilingi mia moja na ishirini kwa kilo, shambani. Mlangoni mwa jineri, msimu huo, kilo ilikuwa mia moja sitini na tano, na jineri ilinunua kwa yeyote aliyefika nayo.

Kibali kama hicho kilitolewa tu kwa gulio lisilo na njia nyingine. Kwa hiyo ilihitajika fomu inayosema njia haipitiki, na fomu ilihitaji sahihi ya mpima njia.

Meneja aliniita mapema Juni. Fomu ilikuwa tayari imejazwa, kalamu imelazwa juu yake.

"Bwana Masunga, ni utaratibu tu. Saini hapo chini."

Nilisoma. "Hapa pameandikwa kwamba kutoka Mwabulugu hadi jineri hakuna njia."

"Ipo?"

"Ipo. Kilomita kumi na saba na mita mia sita. Mbegu themanini. Kikungu kuanzia gulioni mpaka chini ya mteremko, kisha itogolo mpaka jineri. Nimeipita mara tisa na mzigo."

"Njia ya gari?"

"Fomu haikusema gari."

Akavua miwani. "Wewe unajua jina lako liko wapi kwenye ile orodha?"

"Sijui."

"Bado halijawa popote. Ndiyo maana nakuambia saini."

Nilikuwa na watoto wanne na nyumba ya vyumba viwili ambayo haikuwa imeezekwa chumba kimoja. Sitajifanya kwamba sikulifikiria hilo. Lakini mimi ni mtu niliyeambiwa niandike nilichopita. Kuandika kwamba sijapita mahali nilipopita mara tisa, mkono wangu ulikataa kabla mimi mwenyewe sijaamua.

"Siwezi, Meneja."

"Basi nionyeshe," akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira ya mtu aliyechoka. "Wiki moja. Nione mizigo hamsini ya Mwabulugu inafika jineri asubuhi moja kwa hiyo njia yako. Ikifika, fomu hii naiweka mfukoni. Isipofika utasaini, na kwenye orodha utakuwa wa kwanza."

Kesho yake nilipanda Mwabulugu. Mwenyekiti wa gulio, mzee mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, alinipokea kwa furaha, kwa sababu bei ya yule mwenye trekta ilikuwa imeshawafikia. "Mizigo hamsini?" akasema. "Ngosha, mwanaume mwenzangu, hapa baiskeli ni nyingi kuliko viatu!" Tukashuka pamoja kuitazama njia, yeye na baiskeli yake, mimi na yangu.

Kwenye mbegu ya thelathini na moja nilisimama. Mbele yangu palikuwa na uzio wa matawi ya miiba, na nyuma ya uzio majani yaliyosimama mpaka kifuani.

Mwenyekiti alinitazama. "Kwani hukujua? Hii ni ngitili ya Mayu Kabula."

Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, majani yaote yasiguswe, yaje kuokoa ng'ombe kiangazi kinapokuwa kikali. Ikifungwa hapiti mnyama, na mtu hapiti na chombo. Haihitaji askari. Kila mtu anaijua na kila mtu anaiheshimu, kwa sababu kila mtu ana yake. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, na mwezi wa tisa inakuwa uwanja mtupu, hata miiba ya uzio imeshachukuliwa kuni.

Safari zangu zote tisa zilikuwa za mwezi wa nane mwishoni, wa tisa na wa kumi. Nilikuwa nimepima urefu, mwinuko, mzigo na udongo. Mwezi sikuupima. Msukuma mwenzenu, mtoto wa wafugaji, nilikuwa nimeandika ngitili ya mtu kwenye karatasi ya ofisi na kuiita njia. Pamba huanza kuuzwa Juni. Na kuzunguka haikuwezekana. Kushoto ilikuwa mbuga yenye nyufa, kulia mawe makubwa kama nyumba.

"Tupite tu," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu. "Asubuhi sana, haraka."

"Watu hamsini na magunia? Haraka?"

Tukaenda nyumbani kwa Mayu Kabula, yaani Mama Kabula. Alikuwa mjane wa umri mkubwa, mwembamba, akipepeta mtama uani. Tuliacha baiskeli mbali, tukamsalimu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Hakuacha kupepeta. "Ndiwe unayetembea na kitambaa chekundu?"

"Ndiye mimi."

"Nasikia majani yangu umeyaandika kwenye karatasi ya serikali."

"Ni karatasi ya ofisi ya pamba, mayu. Ndiyo, niliandika. Nilikosea. Nilipita mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa hata fisi anapita."

Mwenyekiti akaingilia. "Mayu, sisi hatuleti ng'ombe. Baiskeli haili majani."

"Baiskeli haili," akakubali. "Ila wewe una ng'ombe arobaini, na ng'ombe akiona pengo haulizi ni la nani."

Nilimweleza yote. Nilimwambia bei ya trekta na bei ya jineri, nikamwambia fomu, nikamwambia hata habari ya jina langu na orodha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja ambalo Meneja hakuliuliza.

"Njia unayoitaka ina upana gani?"

"Hatua mbili, mayu. Mtu na baiskeli yake."

Akaweka ungo chini. "Nitakupa hatua mbili. Sikilizeni. Kila mtu atakayerudi kutoka jineri na baiskeli tupu, arudi na tawi moja la miiba. Aliweke pembeni, leo kulia, kesho kushoto. Nataka uzio huku na uzio huku, ng'ombe asione majani. Na ndani humo hakuna kupanda baiskeli. Mtu akiwa juu ya kiti hutazama mbali. Akisukuma hutazama anapokanyaga."

"Na faini?" nikauliza. Nilijua kosa kama langu lina faini.

"Faini ni yako peke yako. Kabla hajapita mtu, tawi la kwanza uliweke wewe. Na usilikate kwenye uzio wangu, nakufahamu mtu wa ofisi."

Mwenyekiti alicheka mpaka kuku wakakimbia.

Tawi hilo nililikata bondeni kwa panga la kuazima, likanichana mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Kovu ninalo. Nililiweka mwanzo wa ile njia, upande wa kulia, Mayu Kabula akiwa amesimama anatazama. Alilisogeza kidogo kwa mguu, likakaa anavyotaka, akaondoka.

Siku ya sita tuliondoka gulioni saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Mteremko wa kikungu ulikuwa na umande, changarawe imeshikana vizuri, na breki zilikuwa zikilia mlima mzima. Tulipofika kwenye majani nilishuka kwanza. Nyuma yangu nikasikia wakishuka mmoja mmoja, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tukasukuma kwa mstari mmoja. Hata Mwenyekiti alinyamaza. Magunia meupe yalipita katikati ya majani kama kundi la ng'ombe weupe, na hakuna jani lililolala nje ya hatua mbili. Tulipotokea upande wa pili mtu akapiga kengele, na kengele zote zikajibu.

Meneja alikuwa mlangoni mwa jineri tangu saa mbili. Alihesabu mwenyewe, kwa kidole. Tulipakua, wakapanga foleni ya mizani.

"Hamsini na tatu," akasema.

"Hamsini na nne zilianza. Moja imekatika cheni, anakuja kwa miguu."

Alinisogelea. "Nimesikia hiyo njia ni majani ya bibi mmoja."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo akiamua, anafunga."

"Akiamua anafunga. Lakini hajafunga, Meneja. Aliyetaka kufunga ni wewe."

Watu wa karibu walisikia. Alikunja fomu mara nne, akaiweka mfukoni kama alivyoahidi, na sifichi kwamba alitimiza ahadi. Kibali cha kununua peke yake hakikutolewa. Wiki mbili baadaye orodha ilibandikwa ukutani. Jina langu lilikuwa la tatu.

Sikuomba nirudishwe. Nilichukua kiinua mgongo changu, nikaezeka kile chumba cha pili, nikafungua kibanda cha ufundi wa baiskeli karibu na soko la Bariadi. Nilifanya kazi hiyo mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa. Baiskeli niliyokabidhiwa saa moja na dakika ishirini niliirudisha ofisini, wakanipa stakabadhi. Kitambaa sikukirudisha. Mbegu pia sikuzirudisha, na hakuna aliyeziulizia.

Watu huniambia kwamba nilipoteza kazi kwa ajili ya njia ya baiskeli. Hapana. Kazi niliifanya siku ile niliyokataa kusaini. Siku nyingine zote nilikuwa naisomea. Na wanaosema kwamba vilima vile havikuwa na njia mpaka ilipokuja greda, waambieni waje kwangu. Nina karatasi.

Kwa hiyo ninyi wenye simu zenye ramani, sikilizeni. Njia ya Mwabulugu kwenye ramani zenu haipo. Nimetazama kwa macho yangu, mmoja wenu alinionyesha, amekuza mpaka kioo kikawa kijani kitupu. Ipo. Anzeni gulioni, shukeni na kikungu, tegemeeni breki ya nyuma kuliko ya mbele. Msiende siku iliyofuata mvua. Kwenye mbegu ya thelathini na moja, yaani baada ya kilomita sita na mita mia nane na ishirini, mtakuta miiba imechipua na kuwa vichaka, huku na huku, na katikati hatua mbili. Mayu Kabula hayupo tena. Ngitili ni ya binti yake, na sharti ni lile lile. Shukeni. Sukumeni. Mkirudi kwa njia hiyo, rudini na tawi. Mkiona aibu ya kushuka na baiskeli ya bei kubwa, kuna lami ya kwenda Maswa.

Mwisho wa msimu ule nilikwenda kwa Mwenyekiti na daftari, nikaomba stakabadhi zote za jineri, moja kwa kila mzigo. Zilikuwa mia nne na kumi na moja. Kisha nikapita kwa Mayu Kabula, ambaye alikuwa akihesabu matawi kwa mafundo kwenye kamba. Mafundo yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Alidhani amekosea. Nikamwambia hajakosea, moja ni langu. Jumla ya pamba iliyopita kwenye hatua zake mbili ilikuwa kilo elfu thelathini na moja, mia nane na sabini. Tofauti ya bei ya trekta na bei ya jineri ilikuwa shilingi arobaini na tano kwa kilo. Nilizidisha mbele yake, mara mbili, kwa kalamu. Fedha iliyobaki Mwabulugu msimu ule, badala ya kupanda trekta na kuondoka, ilikuwa shilingi milioni moja, laki nne, elfu thelathini na nne, mia moja na hamsini.